Ghala Limehama Saa Nne

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi! Karibu. Nusu. Ngoja nieleze.

Tangazo lilisema Benki ya Damu inatafuta wasaidizi wa kuhamisha ghala kubwa. Nikasema hii ni yangu. Mgongo ninao, mikono ninayo. Nikafika asubuhi na glavu, na kamba ya kufungia mizigo nimeivaa begani kama nishani. Kwenye foleni wenzangu wote walikuwa na kompyuta. Nikawahurumia. Vijana laini hivi watabeba nini?

Ndani nilimkuta mama wa makamo, mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto alale. Akaniuliza kama nimewahi kuhamisha ghala. Nikapiga kifua: matatu! Mawili ya mahindi, moja la saruji, na hakuna gunia hata moja lililopasuka. Kijana mmoja aliyekaa pembeni yake akacheka hadi miwani ikamdondoka. Mama hakucheka. Akanieleza kwamba ghala lao ni la data: kumbukumbu za wachangiaji damu wote wa miaka kumi na sita, zimejaa kwenye mashine moja kuukuu, na sasa zinahamia kwenye mfumo mpya unaofikiwa kwa mtandao. Nikasema hilo nalijua. (Silijui.) Nikasema magunia ulikuwa mfano tu.

Akauliza kuchapa je. Hapo nilisema kweli tupu. Mwaka mzima nilikaa duka la steshenari nikichapa barua za watu za kuomba kazi. Kazi hawakupata, lakini barua zilikuwa zimenyooka. Mama akaguna. Akaniambia nianze leoleo, kwa majaribio, wiki mbili.

Jioni nikatangaza nyumbani, yaani kwa dada, yaani kwenye kochi la dada. Shemeji akauliza kama kuna mkataba. Nikamwambia majaribio. Akasema aa, majaribio, kwa sauti ya mtu anayepima upepo wa tairi. Shemeji anaziba pancha nyuma ya nyumba na amekwisha ninunulia ovaroli ya kijani. Ameitundika mlangoni, mkabala na kochi. Dada akakata maneno: Jumatatu ya tarehe 18 nije na mkataba wenye mhuri. La sivyo, Jumanne asubuhi naivaa.

Nalala nayo inanitazama.


Jumanne, 5 Machi

Nimeijua ofisi nzima. Ni vyumba viwili.

Mama mpole ndiye mkuu wa uhamisho. Neno lake ni moja, taratibu. Fungua taratibu, funga taratibu, nakili taratibu. Nimembatiza Bi Taratibu. Yule mcheka watu nimembatiza Miwani. Ana shahada mbili na kalamu nne mfukoni. Yeye amenibatiza Bwana Gunia. Tumepatana kuchukiana.

Chumba cha pili anakaa Kikongwe, yaani mashine yenyewe. Kabati la chuma, linanguruma, linatoa joto kama tanuri. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Betri yake ya akiba ilikufa mwaka juzi. Mwenyewe amechomekwa kwenye soketi nyekundu yenye karatasi juu yake: USICHOMEKE KITU KINGINE HAPA.

Bi Taratibu ametueleza kazi. Kila kilichomo kwa Kikongwe kinanakiliwa kwenye mfumo mpya, jedwali kwa jedwali. Tunahesabu huku, tunahesabu kule, zikilingana tunasonga mbele. Jumamosi tarehe 16 tunanakili masalia ya mwisho, kisha vituo vyote vinageuziwa njia, vianze kusoma mfumo mpya. Anataka wauguzi wasihisi hata mtikisiko. Wakigundua wamehama, amesema, tumeshindwa.

Nikauliza haraka ya nini, si tuhamishe lote kwa mkupuo? Akanijibu bila kupandisha sauti. Kuna watu wa damu adimu, akasema, mji mzima hawafiki hamsini. Muuguzi akimtafuta mmoja wao na ghala likawa kimya hata nusu siku, kuna mtu kitandani ataisubiri damu ambayo mwenye nayo tunamfahamu, ila hatumpati.

Nikaliondoa swali langu. Mimi!

Kisha akasema mambo yakienda vizuri, mmoja wetu atapewa usimamizi wa ghala jipya, kwa mkataba. Miwani akajiweka sawa kwenye kiti. Nami nikajiweka sawa zaidi.


Alhamisi, 7 Machi

Kazi yangu: kuchukua fomu za zamani mia mbili kwa siku, nikitazama kama fomu, Kikongwe na mfumo mpya vinasema jambo lilelile. Jina sawa? Kundi la damu sawa? Natia alama. Inayofuata.

Kufikia fomu ya thelathini nikavumbua jambo. Zote ni sawa! Sasa kwa nini nizitazame? Nikaanza kutia alama tu, mkono ukikimbia. Saa tano nikawa nimemaliza mia mbili. Miwani alikuwa bado anahangaika na jedwali lake. Nikapita karibu yake mara tatu nikipiga miluzi.

Alasiri Bi Taratibu akaja na fomu moja. Akaniuliza kwa upole kama nilimkagua mtu huyu vizuri. Nikasema sana, huyo namkumbuka hadi sura. Akaniomba nisome umri wake. Miaka mia mbili na kumi na minne. Nikaombwa nisome na kazi yake. Kazi: jiwe.

Kumbe huwa anapachika fomu za mtego! Miwani alicheka hadi akatoka nje kunywa maji. Akarudi akauliza huyo mzee jiwe ana damu kundi gani, kokoto chanya au kokoto hasi?

Nimerudia zote mia mbili. Nimefika nyumbani macho mekundu. Dada akadhani nimelia. Nikamwambia ni ukubwa wa kazi.


Jumatatu, 11 Machi

Mkakati mpya: chai.

Nimetambua kwamba ofisi ile haina chai. Miwani ana chupa yake ya moto, anakunywa peke yake, kifuniko anakifunga mpaka kilie. Mkono wa birika kabisa. Basi nikasema mkono wa birika tutaushinda kwa birika lenyewe. Nimeazima birika la umeme la dada. (Nitamwambia.) Nikawachemshia watu wote.

Bi Taratibu akanywa, akafumba macho, akasema chai nzuri. Ushindi! Kila nikiwasha, taa zinafifia kidogo na kompyuta ya Miwani inapiga kelele, lakini hayo ni ya Miwani. Bi Taratibu kaongeza sharti moja tu: birika lile lisithubutu kuingia chumba cha Kikongwe. Likae huku, kwenye soketi ya dirishani.

Nikasema mama, mimi ni mtu wa taratibu. Akacheka! Kwa mara ya kwanza. Msimamizi wa ghala anainukia hapa.


Jumatano, 13 Machi

Nimekagua mia mbili. Kwa macho yangu haya. Zote sawa, kweli.

Hakuna la kuandika. Ovaroli imepigwa pasi. Sijui nani kapiga.


Ijumaa, 15 Machi

Siku yangu imefika!

Jedwali la mwisho lililingana jana. Kimebaki kitendo kimoja: kuuagiza mfumo mpya saa ya kunakili masalia na kugeuza njia. Bi Taratibu ameamua iwe kesho saa nne. Mkurugenzi atashuka kutoka juu kushuhudia. Vituo vimekwisha arifiwa.

Nikafikiri. Atakayeiweka saa hiyo ndiye atakayekuwa amehamisha ghala. Miaka mia ijayo watu watauliza nani alihamisha, na jina litakuwa lake. Nikamwendea Miwani nikamwambia mtu msomi kama yeye kujaza kisanduku ni kujishusha. Miwani alikuwa anaandaa hotuba yake ya kesho mbele ya Mkurugenzi. Hakuinua hata kichwa. Akasema haya, Bwana Gunia, kisanduku ni kimoja, unaandika tarehe, unaandika saa, unabonyeza sawa. Hata mbuzi anaweza.

Mbuzi! Nimejaza vizuri kuliko mbuzi yeyote. Tarehe 16. Saa: 4. Sawa. Nilikinga skrini kwa mkono kama nilivyokuwa nikifanya kwenye mitihani, Miwani asije akaiba. Akaniuliza kutoka kwenye kiti chake kama nimeweka saa nne. Nikasema nne, yenyewe, imekaa. Akasema vizuri. Bi Taratibu naye akauliza. Nikasema nne.

Nimemwambia dada kesho nahamisha ghala. Akaniuliza kama nimeliona birika lake.


Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa nimekaa. Ngoja nieleze taratibu.

Saa tatu na nusu watu wote tulikuwepo. Mkurugenzi kaja na mikono ya shati imekunjwa, kana kwamba ndiye atakayebeba. Miwani kavaa tai. Ukutani kamulika picha ya ghala la zamani na ghala jipya na mshale katikati. Kifaa cha kumulikia kikakaa kwenye soketi ya dirishani. Soketi ya birika!

Mkurugenzi akasema kwa jambo kubwa kama hili angependa chai. Wote wakanitazama. Nilifanyeje? Nikasema inakuja, mheshimiwa. Nikashika birika, nikatazama huku na huku. Hakuna soketi. Ipo moja tu, chumba cha pili, nyekundu.

Nikasoma ile karatasi tena. Inasema kitu kingine. Nikajiuliza, maji ni kitu? Tena ni dakika tatu tu! Tundu la pili la soketi lilikuwa wazi, halina kazi. Nikachomeka. Nikabonyeza.

Tap.

Siwezi kuueleza ule ukimya. Siku kumi na mbili nimeishi na ngurumo ile hata sikuwa naisikia tena. Sasa nikasikia saa ya ukutani. Kikongwe alikuwa amezimika, taa zote, na harufu kama ya mpini wa sufuria ulioungua. Nikambonyeza kifuani. Nikampapasa. Nikamwita! Zilikuwa zimebaki dakika kumi kufika saa nne.

Miwani akaja mbio. Akaliona birika. Uso wake ukawa na rangi ambayo sijaiona kwa binadamu. Akasema masalia ya wiki nzima yamo humo. Akasema vituo vyote bado vinasoma humo. Akasema kumfufua kwa nakala ya akiba ni siku tatu, akiwa na bahati. Kisha akaishika tai yake kama mtu anayetafuta wapi pa kuifunga.

Bi Taratibu akaja taratibu. Hata leo! Akanitazama, akalitazama birika, akachomoa. Akasema tumpigie muuguzi wa kituo kikubwa, tumwambie aanze kutumia daftari.

Tukapiga, sauti wazi, Mkurugenzi kasimama juu yetu. Bi Taratibu akaanza kuomba radhi kwa usumbufu. Muuguzi akauliza usumbufu gani tena, mama? Ghala leo jepesi kweli. Tangu saa mbili ameandikisha wachangiaji kumi na mmoja. Na sasa hivi, kabla hatujampigia, hospitali ilimwomba mtu wa O hasi, akatafuta, akampata kufumba na kufumbua, tayari yuko njiani anakuja. Kisha akasema ana foleni, kama hatuna la maana tumwache afanye kazi. Akakata.

Tukatazamana. Kikongwe amekufa, na muuguzi anasoma ghala. Ghala gani?

Miwani akakimbilia kompyuta yake. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ghala limekwisha hama. Masalia yamenakiliwa, njia zimegeuzwa, tangu alfajiri. Saa kumi. Mji mzima umelala.

Mkurugenzi akapiga makofi. Akasema hajapata kuona uhamisho laini namna hii, watu wamehama usingizini! Akampa mkono Miwani. Akampa Bi Taratibu. Akanipa na mimi! Kisha akauliza chai vipi.

Miwani kashinda mchana kutwa akihesabu mistari yote upya, bila kula. Zimelingana zote.


Jumapili, 17 Machi

Nimekaa na kutafakari. Ukweli ni huu: mimi nimeokoa ghala. Kama lingehama saa nne kama walivyotaka wakubwa, birika lingelikuta njiani. Mimi nililitoa mapema. Kwa nini lilihama alfajiri sijui, lakini aliyejaza kisanduku ni nani? Mimi. Mkono wenyewe ulijua.

Nimemwambia dada nategemea usimamizi. Shemeji akasema vizuri, ila nijaribu ovaroli, kama inabana mabega aibadilishe mapema. Nimekataa. Usiku walipolala nikaijaribu. Haibani.


Jumatatu, 18 Machi

Siku ya hukumu. Nilivaa shati la shemeji. (Nitamwambia.)

Bi Taratibu aliniita peke yangu, akafunga mlango. Nikamtangulia na hotuba niliyoandaa, kuhusu ujasiri na kuona mbali. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuza skrini nione kile kisanduku. 4.

Akanieleza kama anavyoeleza kila kitu. Mashine haianzi kuhesabu saa asubuhi kama sisi. Inaanza katikati ya usiku. Saa nne yetu ya asubuhi, mashine inaiita kumi. Mimi nimeandika nne, yenyewe ikasikia saa kumi ya alfajiri, ikaondoka na ghala kabla ya yeyote kuhesabu mara ya mwisho. Mistari ingekosekana, tungejua baada ya wagonjwa kujua.

Ya kwanza hiyo, akasema. Ya pili ni birika. Makosa yako mawili yamekutana njiani yakapishana, na mimi sijapata kuona jambo hilo kwa miaka yangu yote ya kazi. Ungefanya moja tu, leo ningekuwa naandika barua nyingine.

Nikauliza barua gani anaandika sasa. Nilikuwa nimenywea hadi shati la shemeji limenipwaya.

Akasema Miwani anapewa usimamizi wa ghala, na ameonywa kwa maandishi kwa kumwachia mwingine kisanduku asikikague. Ila zile fomu za wiki iliyopita, akaongeza, alizipitia zote baada yangu, na baada ya yule mzee jiwe sikukosea hata moja. Mia mbili kila siku. Mtu anayeweza kubadilika hivyo hatupwi. Basi ananipa miezi mitatu, mkataba na mhuri, kutuma ujumbe wa simu kwa wachangiaji, kuwakumbusha waje. Akasema hapo hakuna cha kuvunja.

Akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema nne ni kumi. Akasema vizuri. Nimeandika na hapa nisisahau.

NNE NI KUMI.

Miwani kanipa mkono akasema karibu sana, Bwana Gunia, sasa mimi ni bosi wako. Nikatabasamu. Meno tu.

Dada kausoma mkataba mara mbili, kaugusa mhuri kwa kidole. Kisha akageuka haraka akaenda jikoni. Nilimwona akijifuta kwa ncha ya kanga. Shemeji kaitoa ovaroli mlangoni, kaikunja polepole, kasema ataiweka tu kabatini, haiozi.


Jumanne, 19 Machi

Siku ya kwanza ya mtu mwenye mkataba! Cheo changu kwenye karatasi ni Msaidizi wa Ujumbe. Nimewaambia majirani Mkuu wa Mawasiliano. Ni kitu kilekile, nimefupisha.

Kazi ya kwanza leo jioni. Bi Taratibu anataka wachangiaji wote, watu elfu thelathini na moja, wapate ujumbe kesho saa mbili, wakiwa njiani kwenda kazini. Kanipa maneno yake, lakini yalikuwa baridi. Nimeyapasha moto: AMKA SHUJAA! Jua limeshachomoza, bado umelala? Damu yako inasubiriwa. Ukiwa na swali lolote piga namba hii sasa hivi.

Namba nimeweka ya Miwani, ya mfukoni. Si ndiye msimamizi? Apokee.

Kikafuata kisanduku. Hapa nikatulia, nikakumbuka somo. Nne ni kumi. Lakini hii siyo nne, ni mbili. Ya mbili sikuambiwa kitu, na Bi Taratibu si mtu wa kusahau. Mbili ingekuwa na jina jingine angesema.

Nimeandika 2. Sawa.

Birika nimelirudisha, dada hajui. Simu yangu nimeizima nisisumbuliwe. Kochi leo ni laini ajabu, na mlango hauna kitu. Nikiamka kesho, Miwani atakuwa mtu maarufu kuliko wote mjini, na atanishukuru mwenyewe.